Kung'oa gugu karoti kwa kujitolea, Arusha: naomba ushauri kabla ya Jumamosi

MamaBustani_Njiro

Ndugu zangu, habari za kazi. Nimejiunga na kikundi cha wapenda bustani cha mtaa wetu hapa Njiro, na kazi ya kwanza tuliyojipangia ni kung'oa gugu karoti, lile gugu lenye majani kama ya karoti, lililotanda kando ya barabara na kwenye uwanja ambako watoto hucheza mpira. Tuko watu kumi na wanane, baadhi yetu wakiwa wazee, na sote tunajitolea. Wiki iliyopita niling'oa machache nyuma ya nyumba yangu kwa mikono mitupu, na ilipofika jioni vipele vyekundu vilikuwa vimejaa kati ya vidole, vikiwasha hadi nikakosa usingizi. Je, ni haki kuwaita wazee kwenye kazi hii? Na tukishang'oa, tuyapeleke wapi? Mwenzetu mmoja anashauri tuyatie kwenye shimo la mboji, lakini moyo wangu unasita.

Mkulima_UsaRiver

Pole sana, dada, na ahsante kwa kuuliza mapema. Moyo wako unasita kwa haki. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, nazo zikifukiwa huweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikiwa hai. Ukiziweka kwenye mboji ya nyumbani, ambayo mara nyingi haipati joto la kutosha kuziua, utakuja kuzisambaza mwenyewe kwenye matuta ya mchicha pamoja na mboji hiyo.

Kuhusu ngozi, sumu inayowasha huitwa parthenini, na hatari yake ni kwamba mtu anaweza kuligusa gugu hili siku nyingi bila tatizo, kisha mwili ukaanza kulikataa, na tangu hapo kila mguso ukamletea vipele. Kwa hiyo wewe mwenyewe, kwa kuwa umeshaonyesha dalili, ningekusihi using'oe kabisa. Shika daftari, gawa maji, simamia viroba. Wenye pumu nao wakae mbali, kwa sababu chavua yake husumbua kifua. Wengine wavae glavu za mpira, shati la mikono mirefu, buti na barakoa, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Jambo la pili ni wakati. Gugu karoti huweza kutoa maua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota, kwa hiyo ng'oeni siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa laini, wakati majani bado yamelala chini kama karoti changa na hakuna ua jeupe lililochomoza. Shikeni shinani kabisa mvute polepole, mzizi mkuu utoke mzima. Sisi mwaka wa kwanza tulikwenda kiangazi, mashina yakakatikia mikononi, na baada ya mvua ya kwanza kila shina lilikuwa limechipua upya, tena matawi matatu pale lilipokuwapo moja.

Mfugaji_Monduli

Naunga mkono, ila naomba msisahau mifugo. Ng'ombe au mbuzi akila gugu hili, maziwa huwa machungu na nyama huharibika ladha, kwa hiyo msiache malundo mahali ambapo mifugo hupita. Yasiyo na maua yaanikeni juani juu ya turubai hadi yakauke. Yenye maua yatiwe kwenye viroba papo hapo, kabla hamjapiga hatua mbili nayo, kisha yachomwe mahali pamoja penye ruhusa, watu wakisimama upande upepo unakotoka.

Huku kwetu kuna mkandarasi aliyekuwa akilifyeka gugu hili kando ya barabara likiwa limeshachanua, na mashine ile ile ikahamia kijiji cha pili bila kusafishwa. Msimu uliofuata tuliliona gugu pale ambapo halikuwahi kuwapo.

Bustani_Nairobi

Dada, nami niongeze moja kutoka upande huu wa mpaka. Mkishang'oa, ardhi ikabaki tupu, mbegu zilizolala zitapata mwanga na kuota zote kwa pamoja, jambo ambalo huwakatisha tamaa wanaojitolea wakadhani kazi yao imepotea bure. Pandeni ukoka siku hiyo hiyo, hata vipande vya kiganja kimoja kimoja, kisha mrudi kila baada ya wiki tatu msimu wote wa mvua. Na mkiona lori linamwaga mchanga au kifusi mtaani, kagueni hapo pamoja na mwenye nyumba baada ya mwezi mmoja, kwani mbegu husafiri humo na kwenye matope ya magurudumu.

MamaBustani_Njiro

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimeongea na mwenyekiti, na Jumamosi tutaanza na uwanja wa watoto peke yake badala ya barabara nzima, kwa kuwa hapo uwanjani mengi bado hayajachanua. Wazee wanne watapanda ukoka nyuma ya wang'oaji, nami nitashika daftari. Leo asubuhi nimepiga magoti pembeni mwa goli nikahesabu miche kwenye eneo la hatua moja kwa hatua moja, nikapata 43, mingine midogo kuliko kifungo cha shati. Nitahesabu tena pale pale baada ya wiki tatu na nitawaletea idadi.