Tupeane uzoefu: Babu yako alikuwa mwalimu? Ulibaki na nini chake?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Babu yangu alifundisha miaka 38, karibu yote darasa la kwanza na la pili, wale wa kushikwa mkono hadi "a" ikae sawa. Alifariki mwaka jana. Simu yake ya vitufe ninayo mimi, na laini hatujaifunga. Sasa tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, ile inayoadhimishwa tangu 1994, ikaanza kulia asubuhi na mapema. Hadi usiku, ujumbe 11. "Shikamoo mwalimu, siku njema." "Mwalimu, ni mimi yule wa kukaa dirishani, bado unanikumbuka?"

Huyo wa dirishani nimemsoma mara sita. Babu angemjua palepale. Mimi simjui, namba haikuhifadhiwa jina, na hadi naandika hapa sijamjibu hata mmoja.

Nilijiona namfahamu babu. Tumelala chumba kimoja tangu nina miaka minne hadi kumi na miwili, najua hata anavyokoroma akilalia ubavu wa kushoto. Kumbe hawa watu wana babu mwingine, kijana, mwenye sauti ya kufika dawati la mwisho. Huyo sikuwahi kukutana naye.

Naanza na langu: chaki. Babu hakuandika kwa chaki nzima hata siku moja. Anaivunja katikati, pa!, ndipo anageukia ubao. Nilidhani ni ubahili. Siku moja akanionyesha. Akaandika kwa ndefu, ikatoa ule mlio wa kukufanya ukunje uso. Akaivunja, akaandika, kimya. Akasema chaki hukwama na kuteleza, hukwama na kuteleza, na ikiwa ndefu ndiyo hutetemeka mpaka ikapiga kelele. Ukishika karibu na ncha nayo inanyamaza. Basi, hilo tu. Lakini nikisikia kitu kinavunjika pa, namwona.

Karibuni. Na kama kuna aliyekutwa na jambo la simu kama hili, anisaidie nijibu nini.

Kalamu Nyekundu

Pole sana mkuu.

Wangu alinisahihisha mpaka nikiwa mtu mzima. Nikiwa bweni nilimwandikia barua ya kuomba hela. Ikarudi ileile, imejaa wino mwekundu, chini kabisa 13/20 na maneno: "Ombi limeeleweka. Andika upya." Nikiandika upya vizuri, hela inakuja. Nikilipua, inakuja barua.

Zilipoingia simu nikajitia ujanja, nikamtumia "mambo vp babu, nko pw, xaxa unakuja lin?" Akapiga palepale, hata salamu hakuna: "Wewe, irabu zako zimeibwa na nani?"

Ninazo barua tisa. Ya juu kabisa ina 18. Nilimuuliza mbili zimekwenda wapi, akasema nisimuulize yeye, niuangalie mwandiko wangu.

Mpita Njia

😂😂 Irabu zimeibwa. Huyu mzee ningempenda.

Dada wa Kati

Mimi nilimuuguza wangu miaka mitatu ya mwisho, alipoanza kusahau. Tulielezwa kwamba ugonjwa ule kwa kawaida huanza na mambo mapya, ya zamani hubaki kwa muda zaidi, na ndivyo ilivyokuwa. Chai aliyokunywa saa hiyo haikumbuki. Jina langu lilipotea mapema. Lakini akikaa kitini jioni anaita mahudhurio ya darasa la miaka mingi nyuma, majina matatu matatu, kwa mpangilio uleule, bila daftari.

Mwanzoni tulimkatiza. "Babu, hakuna wanafunzi hapa." Anahamaki, anatafuta kiatu aende kazini. Baadaye tukajifunza kuitikia. Anaita, mmoja wetu anajibu "Nipo mwalimu", anatikisa kichwa, anaendelea. Siku nyingine mdogo wangu akaitikia jina la msichana kwa sauti yake nzito, mzee akamkata jicho: "Wewe siye." Tulicheka mpaka tukatoka nje.

Kulikuwa na jina moja, la 17. Akilifikia ananyamaza kidogo, halafu anaita la 18. Halitaji. Tulimuuliza mara nyingi, kwa upole na kwa ujanja. Hakusema. Nilikuja kuyaandika majina yote kwenye daftari, na mstari wa 17 upo mtupu.

Sina Upande

Naomba niwe tofauti kidogo, msinipige mawe.

Babu yangu alikuwa kipenzi cha watu wa nje. Msibani walisimama watu wazima kwa zamu, wanaeleza alivyowavumilia, alivyokuwa mcheshi, alivyorudia hesabu moja mara kumi bila kuchoka. Mimi nimekaa mstari wa mbele najiuliza wanamsema nani. Nyumbani alikuwa akirudi ametumika kama betri. Redio, gazeti, kimya. Mjukuu ukikosea jedwali la saba unarudia umesimama mpaka chakula kipoe. Wasifu uliosomwa nami nilishiriki kuuandika, na humo nikaweka "mpole" kama walivyotaka wazee.

Nilimpenda. Ila nina wivu na wanafunzi wake, na huo ndio ukweli.

Kalamu Nyekundu

@Sina Upande hakuna wa kukupiga jiwe. Mama yangu husema maneno hayohayo juu ya baba yake, na ni yuleyule mzee wa barua zangu. Kwetu wajukuu alikuwa ameshastaafu, ana nafasi ya kutania. Mama alimpata akiwa na madaftari sitini ya kusahihisha kila usiku.

Sina Upande

Sitini kila usiku. Hilo sikuwahi kulipigia hesabu.

Fundi Kaseti

Wenye sauti za wazee kwenye kaseti, sikieni. Babu yangu alijirekodi akisoma imla, ile ya dakika 60, 30 kila upande. Juu ya kaseti kuna vile vibati viwili vya plastiki. Ukivivunja, haiwezi kurekodiwa tena. Babu alivivunja, mtu makini yule. Binamu yangu akaziba matundu kwa gamu ya karatasi, akarekodi muziki wa redioni.

Upande wa pili, mwishoni, zimebaki kama dakika nne. Babu anasoma: "Mvua ilinyesha, nukta. Watoto walikimbia, mkato, wengine walibaki." Halafu anakohoa, anaomba radhi kwa wanafunzi ambao hawapo.

Nilichofanya: waya kutoka tundu la spika za masikioni la redio kwenda kwenye kompyuta, nikarekodi, nikaweka nakala sehemu mbili. Kama mkanda una ukungu mweupe usiucheze, unaweza kuharibika na kuchafua redio yenyewe. Mpelekee anayejua. Na picha za darasa, andika majina nyuma kwa penseli laini, wino hupenya ukatokea mbele. Binamu nilimsamehe juzijuzi tu.

Mpita Njia

Mleta mada, laini usiiache ikalala. Isipotumika muda mrefu kampuni huifunga na namba anaweza kupewa mtu mwingine. Fikiria mwanafunzi wa mzee anapiga, anapokea mgeni.

Mleta mada

Asanteni wote. Nimeweka salio.

Jana nilimjibu wa dirishani: "Mimi ni mjukuu wake. Mwalimu alifariki mwaka jana. Kwa nini ulikuwa unakaa dirishani?" Sikumaliza kuiweka simu mezani, ikaita. Ni mama mtu mzima, ana wajukuu wake. Alilia kidogo, kisha akanieleza. Alikuwa haoni ubaoni, na kwao hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe alidhani wote wanaona hivyo. Alikuwa anaandika kwa kusikiliza. Babu aligundua kwenye daftari: maneno yote sahihi, ila mistari haikatiki pale ilipokatika ubaoni. Akamhamishia dirishani kwenye mwanga, akawa anamwandikia herufi kubwa pembeni mwa ubao upande ule, mwaka mzima, bila kuliambia darasa kwa nini.

Nikamuuliza kama babu alikuwa anavunja chaki. Akacheka: "Pa!"

Wamebaki kumi. Naendelea kesho.