UZI WA MALALAMIKO: Tunauziwa sauti ya mzee wa miaka sabini kwa jina la santuri za 1928. Mississippi John Hurt hakustahili haya

Ndugu wanajukwaa,

Nimeliandikia mara tatu duka moja la mtandaoni linalouza muziki wa zamani, na mara zote tatu nimejibiwa kwa ujumbe uleule wa kunishukuru kwa kuwa mteja wao, bila neno hata moja kuhusu nilichouliza. Kwa hiyo nayaleta malalamiko yangu hapa, mbele ya watu wanaojali wanachokisikiliza.

Mwezi uliopita nilinunua kwa shilingi 38,000 mkusanyo wa nyimbo ishirini na moja za Mississippi John Hurt, mpiga gitaa wa bluzi ya mashambani. Jalada limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hizo ni rekodi zake zote za mwaka 1928. Si zote, na nyingi kati ya zilizomo hazikurekodiwa mwaka 1928. Huo ni uongo uliopigwa chapa na kutiwa bei, na muuzaji ameshaelezwa, anaendelea kuuza.

Tuanze na hesabu. John Hurt aliingia studio ya kampuni ya Okeh mara ya kwanza jijini Memphis tarehe 14 Februari 1928, akaimba nyimbo nane, na kampuni ikatoa mbili tu, "Frankie" na "Nobody's Dirty Business". Desemba ya mwaka huohuo aliitwa New York, akarekodi tarehe 21 na tarehe 28. Kwa jumla, nyimbo zilizofika sokoni zilikuwa kumi na mbili, yaani santuri sita, kila moja na pande zake mbili. Wimbo wa kumi na tatu, "Big Leg Blues", haukutolewa wakati ule lakini umenusurika na umetufikia. Basi mtu anapokuuzia nyimbo ishirini na moja za mwaka 1928, hizo nane za ziada amezitoa wapi?

Nilizisikiliza moja baada ya nyingine, kalamu mkononi. Za 1928 kwa hakika ni tisa. Kumi na mbili zilizobaki zinatokana na rekodi alizofanya kuanzia mwaka 1963, alipokuwa mzee wa miaka kama sabini. Na nne za kweli hazimo kabisa, ukiwemo "Louis Collins", wimbo ambao kwangu mimi ndio bora kuliko yote aliyopata kuimba: kijana amepigwa risasi, mama yake analia, na gitaa linakwenda polepole kama watu wanaotoka makaburini, sauti ya mwimbaji haipandi hata mara moja. Huo wameuacha, wakajaza nafasi yake kwa udanganyifu.

Kuna atakayesema kwamba ninabahatisha kwa sikio. La. Santuri ya inchi kumi iliyozunguka mara sabini na nane kwa dakika ilibeba wimbo wa dakika tatu na ushei, na mwimbaji alitakiwa amalize kabla nafasi haijaisha. Wimbo wa nane katika mkusanyo huu una dakika tano na sekunde kumi na mbili. Huo haungeweza kuingia kwenye upande mmoja wa santuri kama ile hata kwa kusukumwa. Isitoshe, wimbo wa kumi na moja ni "Coffee Blues", ambao hakuurekodi kabisa mwaka 1928. Ni wa miaka ya sitini, na maneno yake ndiyo yaliyolipa jina kundi la muziki la Marekani la Lovin' Spoonful. Mtu aliyewahi kusoma ukurasa mmoja tu kuhusu Hurt angeligundua hilo kabla ya kuchapisha jalada.

Sasa naja kwenye jambo lililonikasirisha kuliko yote. Juu ya hizo rekodi za uzeeni, ambazo kwa asili yake ni safi, wameongeza mikwaruzo ya sindano. Vaeni vipokea sauti vya masikioni, msikilize wimbo huo wa nane kuanzia mwanzo. Utasikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, kisha miwili inayofuatana, kisha ukimya, halafu kijiti kilekile tena, miwili ileile tena, kwa umbali uleule, mpaka mwisho wa wimbo. Santuri iliyochakaa haichakai kwa mpangilio. Mikwaruzo ya kweli iko kwenye "Frankie", inayofanana na mafuta yanayochemka kwenye kikaango, na nyuma yake unasikia vidole vya mtu wa miaka thelathini na kitu vikikimbia kwa kasi ambayo mpaka leo inanishangaza. Mtu aliketi mbele ya kompyuta akaipaka masizi rekodi safi ili ionekane kuukuu. Amefanya hivyo akijua anachokifanya, na hiyo ndiyo sababu sikubali kuambiwa kwamba huenda ni makosa ya uandishi.

Marehemu baba yangu alipiga gitaa kavu kwa mtindo wa Katanga, kule Kongo, kidole gumba na cha shahada, akiwaiga akina Mwenda Jean Bosco ambao nyimbo zao za Kiswahili zilifika kwetu kwa santuri na kwa redio. Kwa sababu hiyo, nilipomsikia Hurt kwa mara ya kwanza sikuona ugeni. Kidole gumba kinapokezana kwenye nyuzi nene bila kukosa pigo, kama mtu anayetembea njia anayoijua. Vidole viwili vinavyofuata vinachomoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi vikitangulia pigo au kuchelewa kidogo. Na vidole viwili vya mwisho vimetulia juu ya ubao wa gitaa. Sidai kwamba mmoja alijifunza kwa mwingine. Nasema tu kwamba msikilizaji aliyelelewa na "Masanga" ya Mwenda, iliyorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952, ana sikio la kumtambua Hurt, na vilevile ana sikio la kutambua kidole gumba kilichozeeka. Katika zile za 1928 kidole kile kinakimbia. Katika zile za miaka ya sitini kinatembea, sauti imeshuka na kutanda, na kila neno linapewa nafasi yake. Nazipenda zote mbili. Lakini si kitu kimoja, na anayeandika 1928 juu ya sauti ya 1963 anafuta miaka thelathini na mitano ya maisha ya mtu.

Miaka hiyo ilikuwa ya shamba. Naieleza kwa sababu maelezo yaliyoambatanishwa na mkusanyo hayana hata sentensi moja juu yake. Hurt alizaliwa Teoc, akakulia Avalon, kijiji cha Kaunti ya Carroll katika jimbo la Mississippi, pale vilima vinapokutana na uwanda tambarare wa Delta, kati ya Greenwood na Grenada. Alijifunza gitaa mwenyewe tangu utotoni. Alilima, alifanya vibarua, akapiga kwenye dansi za jirani. Aliyemfikisha Okeh ni mpiga fidla Mzungu wa kaunti hiyohiyo, Willie Narmour, ambaye Hurt alikuwa akimpigia gitaa mwenzake wa kawaida asipopatikana. Narmour alipopata nafasi ya kurekodi, alimtaja Hurt kwa Tommy Rockwell, mtu wa kampuni. Baadaye Hurt mwenyewe alisimulia jinsi alivyokuta ukumbi mkubwa wenye watu watatu tu, yeye, Rockwell na fundi mitambo. Jinsi walivyomsogezea kipaza sauti hadi mdomoni, wakamwambia asitikise kichwa baada ya kupata mahali panapofaa. Na jinsi shingo ilivyomuuma kwa siku kadhaa. Kila ninaposikiliza "Nobody's Dirty Business" naikumbuka shingo ile iliyokakamaa. Mtu aliyevumilia vile anastahili angalau tarehe yake iandikwe sawasawa.

Hata jina hilo la Mississippi hakujipa yeye. Kampuni ndiyo iliyolibandika mbele ya John Hurt ili santuri ziuzike. Hazikuuzika sana. Uchumi ulianguka mwaka 1929, biashara ya santuri ikaporomoka pamoja nao, na Hurt akaendelea kubaki Avalon na mifugo na mashamba ya watu, asijue kwamba mwaka 1952 nyimbo zake mbili, "Frankie" na "Spike Driver Blues", ziliingizwa na Harry Smith katika mkusanyo wa kampuni ya Folkways uliosikilizwa na vijana wapiga gitaa wa kizazi kizima. Wengi wao walidhani amekwisha kufa.

Alivyopatikana ni habari inayonifanya nizidi kukasirika, kwa kuwa inaonyesha thamani ya kumbukumbu sahihi. Kule New York, akiwa na hamu ya nyumbani, alikuwa ameimba "Avalon Blues" akiutaja mji wake kwa jina. Mwaka 1963 kijana aitwaye Tom Hoskins, baada ya kuusikiliza wimbo huo, alipitia ramani za Mississippi asiione Avalon, hadi ilipoonekana katika kitabu cha ramani cha mwaka 1878. Akaenda. Alipowauliza watu waliokuwa dukani, walimwelekeza kwenye sanduku la tatu la barua juu ya kilima. Hurt alipomwona Mzungu asiyemjua akimuulizia, alidhani ni mtu wa serikali amekuja kumkamata. Fikirini: neno moja lililotamkwa kwa usahihi mbele ya kipaza sauti lilimrudisha mtu duniani baada ya miaka thelathini na mitano. Na leo kuna mfanyabiashara anayeona tarehe na mahali ni mapambo ya jalada.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka: tamasha la muziki wa asili la Newport mwaka huohuo wa 1963, rekodi za Maktaba ya Bunge la Marekani, televisheni, kampuni ya santuri ya Piedmont na kisha ya Vanguard. Alipata miaka mitatu tu. Alifariki tarehe 2 Novemba 1966 huko Grenada, na haki za rekodi zake zikaburuzwa mahakamani kwa muda mrefu, yeye akiwa hayupo. Nyumba yake ya Avalon, ambayo mjukuu wake aliigeuza makumbusho, iliteketea kwa moto mapema mwaka 2024. Kilichobaki kwetu sisi tulio mbali ni hizi rekodi.

Nirudi kwenye maelezo ya jalada, kwa kuwa nayo ni sehemu ya malalamiko yangu. Yameandikwa kwamba Hurt alikuwa kipofu. Hakuwa kipofu, aliyeandika amemchanganya na mwimbaji wa bluzi Blind Lemon Jefferson wa Texas, au na mwingine yeyote kati ya wale walioitwa "Blind", yaani kipofu. Yameandikwa pia kwamba alimuuzia shetani roho yake kwenye njia panda. Hadithi hiyo ilisimuliwa juu ya mwimbaji mwingine wa bluzi, Tommy Johnson, kisha ikabandikwa kwa Robert Johnson, aliyerekodi mwaka 1936 na 1937. John Hurt alirekodi mwaka 1928 "Blessed Be the Name" na "Praying on the Old Camp Ground", nyimbo za kanisani, katika vikao vilevile vya New York alivyorekodi nyimbo za mauaji na za mapenzi. Kumvika mtu wa namna hiyo ngano ya shetani ili jalada litishe kidogo ni kumvunjia heshima. Na picha iliyo mbele, inayosemwa kuwa ya mwaka 1928, inaonyesha mzee mwenye kofia na uso wenye makunyanzi. Mwaka 1928 alikuwa hata hajafika miaka arobaini!

Nilipowaeleza haya yote kwa ushahidi, kwa nambari za nyimbo na urefu wa kila mmoja, jibu la tatu liliongeza sentensi moja tu, kwamba wateja wengi wanaridhika na ubora wa sauti. Wanaridhika kwa kuwa wameaminishwa kwamba santuri ya 1928 inaweza kusikika hivyo.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe shilingi 38,000 zangu. Mwaka uondolewe kwenye jalada, au zile nyimbo kumi na mbili ziondolewe na zile nne zirudishwe mahali pake. Mikwaruzo ya bandia ifutwe. Maneno kuhusu upofu na shetani yafutwe pia.

Kwa wenzangu mlionunua mkusanyo huo, naomba mfungue orodha mtazame urefu wa wimbo wa nane, kisha mwandike hapa chini mmeona nini na duka limewajibu nini, ili barua yangu ya nne iende ikiwa na majina ya wateja zaidi ya mmoja. Jana usiku nilitazama tena ukurasa wao. Wimbo wa nane bado umeandikwa 1928.