Vidokezo vya mkono kwenye C au tuiachie kompaila?

mzabibu_c (Hombolo)
Mbukwenyi wadau! Nina programu ya C inayochakata namba za vipima unyevu wa udongo kwenye shamba letu la zabibu. Iko kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) ya sola, kwa hiyo nataka imalize kazi haraka ipumzike. Nimeweka `inline` (mwili wa fanksheni ubandikwe pale inapoitwa) kwenye kila fanksheni, `register` (namba ikae ndani ya prosesa) kwenye kaunta za lupu na `__builtin_expect` (jibu ninalotarajia) kwenye kila `if`. Mwenzangu anataka nifute vyote nibaki na -O2, yaani swichi ya kuiambia kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) iboreshe kasi yenyewe. Nimsikilize?

biti_nane (Makulu)
Mkuu, `register` futa leo hii. Ukiwasha -O2, kompaila ya GCC inajigawia rejista (nafasi za haraka ndani ya prosesa) yenyewe, na C++ ililiondoa neno hilo tangu toleo la 2017. `inline` nayo ni ombi tu, kompaila inaamua kwa ukubwa wa fanksheni. Ukiilazimisha kwa `always_inline` kila mahali, msimbo unavimba, unakosa nafasi kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) na unaweza kwenda polepole kuliko mwanzo.

dada_pointa (Iyumbu)
Hapo kwenye "vyote" nakataa. Kuna mambo kompaila haiwezi kuyajua hata iwe hodari vipi. Fanksheni yako ikisoma safu moja na kuandika kwenye nyingine, kompaila inalazimika kuhofia kwamba pointa (anwani za kumbukumbu) zote mbili zinagusa kumbukumbu ileile. Basi inaongeza ukaguzi, au inachakata namba mojamoja badala ya nne kwa mpigo. `restrict`, iliyokuja na C99, inaiondolea hofu hiyo. Itumie pamoja na -O3, swichi ya uboreshaji mkali kuliko -O2. Ila hiyo ni ahadi yako: pointa zikiingiliana, majibu yanaharibika bila onyo lolote. Mimi iliwahi kunila siku mbili nikitafuta kosa lilipo.

kinu_cha_data
Umepima lakini? Usomaji wa faili kwa `fscanf` mara nyingi ndio unaokula muda.

mzee_kerneli (Kikuyu)
Nami naongezea kwenye `__builtin_expect`. Inaiambia kompaila njia ipi inapitiwa sana, ili iipange hiyo kwa mstari mnyoofu. Ukikisia vibaya, umeipotosha. Hata mabingwa hukosea: mwaka 2011 watengenezaji wa Linux waliondoa maagizo ya kuvuta data mapema kwenye lupu za orodha, baada ya vipimo kuonyesha yanachelewesha. Kijana wangu, badala ya kukisia, jenga kwa `-fprofile-generate` ili programu irekodi njia inazopita, iendeshe kwa data halisi, kisha jenga upya kwa `-fprofile-use` ili kompaila itumie rekodi hiyo. Angalizo kubwa kwa sisi wa Dodoma: mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Ukitumia data ya Agosti peke yake, kompaila itaamini tawi la "udongo umelowa" halifikiwi kabisa.

mzabibu_c (Hombolo)
Shikamoo mzee, na ahsanteni wote. Nimepima kwa `perf`, zana ya Linux ya kuona muda unaliwa wapi. Kufuta `register` na `inline` hakukubadilisha chochote. `restrict` na -O3 vimepunguza muda kwenye fanksheni ya kusahihisha vipimo, na kinu_cha_data umesema kweli, `fscanf` ndiyo nzito kuliko zote. Naanza na hiyo. Vile vya `__builtin_expect` nimevitoa vyote isipokuwa kimoja cha kipima kilichokatika waya. Data ya mvua sina, vipima tulivifunga Juni, hivyo `-fprofile-use` itasubiri Januari.

dada_pointa (Iyumbu)
Kabla ya hapo bandika hiyo fanksheni ya kusahihisha. Nataka kuona safu zinaitwa kutoka wapi.