Kupanga madawati duara si kufundisha kwa vikundi: somo la Kiingereza linaharibiwa mchana kweupe

Ndugu walimu na wazazi,

Naanzisha uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wiki iliyopita mkaguzi aliingia katika kipindi changu cha Kiingereza cha kidato cha pili, akakuta wanafunzi 48 wamekaa wawili wawili, kila mmoja ameshika karatasi ambayo mwenzake haruhusiwi kuiona, wakiulizana na kujibizana kwa Kiingereza hadi darasa zima linavuma kama mzinga wa nyuki. Hakusimama kwenye dawati hata moja kusikiliza. Aliandika katika fomu yake kwamba somo halikuwa shirikishi kwa sababu madawati hayakupangwa kwa vikundi, kisha akanishauri nikajifunze katika darasa la jirani.

Darasa la jirani nalifahamu, kwa kuwa niliwahi kukaa humo kipindi kizima. Wanafunzi walikuwa wengi kama wangu, wamegawanywa katika vikundi sita vya watu wanane, na kila kikundi kilipewa kitabu kimoja, karatasi moja ya manila na kalamu moja ya wino mzito. Katika kikundi nilichokuwa karibu nacho, mvulana mmoja anayekijua Kiingereza aliinamia kitabu, akakisoma kifungu cha ufahamu kimoyomoyo, akayaandika majibu yote matano bila kumuuliza mtu neno. Msichana wa kushoto kwake alishika rula ili mistari inyooke. Wawili walibishana kuhusu mpira, tena kwa lugha yao. Mmoja aliyekaa ng'ambo ya dawati alijaribu kukisoma kifungu kikiwa kimepinduliwa juu chini, maana ndivyo kitabu kilivyokuwa kimelala, na baada ya dakika chache akakata tamaa. Kengele ilipokaribia, yule mvulana alisimama akasoma alichoandika, wenzake wakampigia makofi, na karatasi ikabandikwa ukutani. Nilipotoka nilimuuliza yule msichana kifungu kilizungumzia nini. Akageuka kuitazama karatasi ukutani, kisha akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi nilikuwa wa kupiga mistari."

Jibu hilo halijanitoka moyoni hadi leo. Simlaumu mwalimu mwenzangu, kwa sababu anafanya kile ambacho fomu ya ukaguzi inamtaka afanye. Ninawalaumu wale wanaoandaa fomu hizo, wanaoendesha semina za siku mbili ambamo neno "shirikishi" linatajwa kila baada ya sentensi moja, na wanaopita madarasani kuhesabu vikundi badala ya kuhesabu midomo inayozungumza.

Naomba tupige hesabu pamoja. Kipindi kina dakika 40. Maelekezo na kuhamisha madawati huchukua dakika saba, kazi ya kikundi dakika 15, na vikundi sita vikiwasilisha kwa dakika tatu kila kimoja zimekwisha dakika nyingine 18. Katika dakika hizo 18 wanafunzi sita ndio waliotamka Kiingereza, nao walisoma maandishi, hawakuzungumza. Waliobaki 42 walisikiliza, kama kweli walisikiliza. Sasa chukueni wanafunzi haohao, wakalisheni wawili wawili kwa dakika 12 tu, mpe mmoja ratiba ya safari yenye mapengo na mwenzake ratiba hiyohiyo yenye mapengo mengine, waambieni wajaze kwa kuulizana. Sauti 24 zinasikika kwa wakati mmoja na kila mtoto anapata takribani dakika sita za kufungua kinywa. Lugha hujifunzwa kwa kutumiwa, na mtoto asiyeitumia darasani mara nyingi hana mahali pengine pa kuitumia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ujinga huu unatetewa kwa jina la wataalamu ambao hawakusema hivyo hata kidogo. Ndugu wawili, David na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walitaja mambo matano yanayoufanya ujifunzaji uwe wa ushirikiano: wanafunzi wawe wanahitajiana kweli, kila mmoja awajibike kwa sehemu yake, wasaidiane ana kwa ana, wafundishwe namna ya kufanya kazi na watu, na mwishoni wajitathmini kama kikundi. Umbo la meza halimo. Mwanasaikolojia Elliot Aronson naye, mwaka 1971 huko Austin, Texas, katika shule ambazo watoto wa rangi mbalimbali walikuwa wameanza tu kusoma pamoja kwa uhasama mkubwa, aliligawa somo vipandevipande na kumpa kila mtoto kipande chake, ili asiweze kulielewa somo zima bila kumsikiliza mwenzake. Hiyo ndiyo siri yote ya mbinu ile. Robert Slavin, mtafiti wa elimu wa Marekani, alikwenda mbali zaidi: watoto wanasaidiana kujifunza, lakini jaribio kila mmoja analifanya peke yake, na kikundi kinajipatia alama kutokana na kiasi ambacho kila mwanachama amepanda kuliko wastani wake wa awali. Kwa utaratibu huo hata aliye nyuma kabisa ana cha kuchangia, na aliye mbele ana sababu ya kumfundisha badala ya kumfanyia.

Sisi tunafanya nini? Tunawapa wanane alama moja kwa kazi ya mmoja. Mhandisi Mfaransa, Max Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio yake ya watu wanaovuta kamba, na alibaini kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu pungufu kuliko alipokuwa peke yake. Ikiwa watu wazima walilegea kwenye kamba, kwa nini tunashangaa mtoto wa kidato cha pili akilegea mbele ya karatasi ya manila ambayo haina jina lake? Na yule mvulana hodari naye anadhulumiwa, kwa kuwa amegeuzwa karani wa darasa na hana wa kuzungumza naye.

Sipingi vikundi, na asije mtu hapa akaniambia kwamba ninataka turudi kwenye kuandika ubaoni na kukariri. Kila wiki mbili ninachukua habari yenye aya nne na kuwapanga wanafunzi wannewanne. Wenye aya ya kwanza kutoka vikundi mbalimbali wanakutana kwanza, wanaielewa, wanafanya mazoezi ya kuisimulia, ndipo wanaporudi vikundini mwao kuwasimulia wenzao huku karatasi zikiwa zimefunikwa. Kabla ya hapo ninawafundisha kwa Kiingereza namna ya kusema "naomba urudie", "una maana gani" na "sikubaliani nawe kwa sababu", maana mtoto asiyekuwa na maneno hayo atarudi kwenye lugha yake mara moja na hatutakuwa na haki ya kumkaripia. Mwishoni ninaita namba, simwiti kiongozi: namba tatu wa kila kikundi anasimama, na hakuna anayejua mapema ni namba gani itaitwa. Maandalizi yake yananila jioni nzima, na hakuna kipengele chochote katika ile fomu kinachouliza kuhusu jioni hiyo.

Ombi langu kwa wanaohusika na ukaguzi ni dogo. Ondoeni swali la kama madawati yamepangwa kwa vikundi. Badala yake mkaguzi achague wanafunzi watano wasiokuwa viongozi, awaulize kwa Kiingereza walichofanya katika kipindi hicho, aandike walichojibu nenokwaneno. Aanze na darasa langu. Jumatatu kipindi ni cha tatu, madawati yatakuwa mawilimawili kama alivyoyakuta, na sitayahamisha.