Usukani wa boti umekaza, naomba ushauri

Hamjambo wanachama. Niko Dunga, hapa Kisumu. Nina boti ya faiba yenye injini ya nje ya zamani, nguvu farasi 40, inayogeuzwa kwa usukani wenye kebo moja.

Boti ilikaa nchi kavu miezi mitatu. Tangu niirudishe majini usukani ni mzito mno: kushoto unakwenda kwa shida, kulia hauendi mpaka nitumie mikono miwili. Jumamosi magugumaji yalinizingira karibu na ufuo nikashindwa kukata kona. Nilikuwa na abiria sita, na hofu ile haijanitoka. Sijabeba mtu tena.

Nimefuta ile fimbo ya chuma iliyo mwisho wa kebo, inayotoka kwenye bomba la injini, nikaipaka grisi, kisha nikapiga grisi kwenye nipeli (kitundu cha kuingizia grisi kwenye bomba) mpaka ikagoma kuingia. (Fimbo ilikuwa imetoka nje, baadaye fundi akaniambia ilifaa kwanza niirudishe ndani kabisa.) Halafu nikafungua kiungo kinachoshika kebo na injini. Injini peke yake inageuka vizuri kwa mkono, ila usukani bado umekaza.

Naomba kujua: nitatambuaje kama ni grisi ya zamani iliyogandia ndani ya bomba, au ni kebo iliyoshika kutu? Na kama ni grisi, niitoeje bila kugonga fimbo na nyundo? Naogopa kuipinda.

Asanteni sana.