Ufashisti ulisimama kwa kirungu au kwa kadi ya chama?

Kinanda (mleta mada)

Wakuu, naleta hoja ambayo hunigombanisha na watu kila ninapoigusa. Tumezoea kusimuliana kwamba udikteta wa kifashisti ni mtu mmoja mwenye sauti kubwa, nyuma yake polisi wa siri, mbele yake umati unaotetemeka. Hadithi hiyo inatupendelea sisi watu wa kawaida, maana inatufanya wote tuwe wahanga.

Nianze na Italia, ndiko jina lenyewe lilikozaliwa. Mussolini alianzisha vikundi vyake Milano mwezi Machi 1919, na kufikia Oktoba 1922 alikuwa waziri mkuu. Alipokwisha kukaa kitini hakuhitaji kumpiga kila mtu. Kadi ilitosha. Miaka ya 1930, bila kadi ya PNF, chama cha Mussolini, huajiriwi serikalini. Waitalia wenyewe wakaigeuza utani: herufi zile PNF wakazisoma "Per Necessità Familiare", yaani kwa mahitaji ya familia. Mtu anachukua kadi, anavaa beji kifuani, anarudi nyumbani na mshahara wake, kisha anamnong'oneza mkewe kwamba haamini hata neno moja.

Mwaka 1931 maprofesa wa vyuo vikuu walitakiwa kula kiapo cha utii kwa ufashisti. Walikuwa kama 1,200. Waliokataa walikuwa kama 12 tu! Hawa ni watu wenye elimu na majina, wengine wangeweza kupata kazi nje ya nchi. Hakuna aliyewashikia bastola kichwani. Walishikiwa pensheni.

Ongeza vilabu vya baada ya kazi, Dopolavoro, vilivyoanza 1925: michezo, sinema, matembezi ya treni kwa bei nafuu. Ongeza watoto wa Balilla, shirika la watoto la chama, na mashati yao meusi. Mzazi akimkataza mwanawe kujiunga, anayeadhibiwa si mzazi. Ni mtoto anayebaki peke yake ukutani wenzake wakiandamana na bendera.

Na Ujerumani je? Mwaka 1937 ofisi ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, mjini Würzburg ilikuwa na maofisa 28, kwa mkoa wenye watu zaidi ya laki nane. Watu 28 hawawezi kusikiliza kila ukuta. Faili zao zilizonusurika zinaonyesha kesi nyingi zilianza na raia aliyekuja mwenyewe kuchongea: jirani, mfanyakazi mwenza, hata mke au mume.

Kwa hiyo nasema kilichowashika watu ni tonge kuliko kirungu. Karibuni mnipinge.

Msumari

Mkuu, umeanza hadithi katikati. Kabla ya kadi kulikuwa na kirungu, na kirungu kilifanya kazi yake vizuri mno ndiyo maana wewe leo hukioni.

Mwaka 1921 na 1922 makundi ya mashati meusi, yaani wapiganaji wa Mussolini, yalizunguka Bonde la Po kaskazini mwa Italia usiku kwa malori, yakichoma majumba ya vyama vya wafanyakazi na maduka ya ushirika. Wenye mashamba walilipa gharama, askari wakageuza shingo. Kiongozi wa wakulima alitolewa ndani akanyweshwa mafuta ya nyonyo kwa nguvu, mbele ya wanawe. Watu huyacheka haya mafuta, wanaona ni mzaha wa kihuni. Fikiri tena. Mtu aliyejiharia hadharani kijiji kizima kikimtazama, kesho atasimama vipi kuongoza mgomo? Wengine walikufa kwa hayo, lakini shabaha ilikuwa heshima yake.

Desemba 1922 Mussolini alikwisha kuwa waziri mkuu, na bado watu wake waliingia Torino wakaua watu wasiopungua 11. Tarehe 10 Juni 1924 mbunge msoshalisti Giacomo Matteotti akatekwa Roma mchana, siku kadhaa baada ya kusimama bungeni kueleza wizi na vitisho vya uchaguzi wa Aprili. Mwili ulipatikana katikati ya Agosti. Watatu kati ya watekaji wakahukumiwa 1926, na baada ya miezi miwili hivi wakawa nje kwa msamaha. Umeelewa ujumbe? Kila profesa aliuelewa.

Kwa hiyo unaponiambia mwaka 1931 waliokataa kiapo ni 12, mimi nauliza wale ambao wangekataa walikuwa wapi. Walikuwa gerezani, visiwani, uhamishoni Paris, au kaburini. Ukishaangusha miti mirefu yote usije ukaniambia nyasi zimeinama zenyewe.

Na hao 28 wa Würzburg waache kidogo. Kambi ya wafungwa ya Dachau ilifunguliwa Machi 1933, wiki chache tu baada ya Hitler kuingia, na wa kwanza kupelekwa walikuwa wakomunisti na wasoshalisti. Gestapo walikuwa na polisi wa kawaida, mahakama, na wajumbe wa chama kila mtaa wa kuwasaidia. Kuhesabu maofisa wa ofisi moja ni kuhesabu meno ya mbele ukasema mamba hana mengine.

Tausi

Ndugu zangu, naomba niseme jambo moja kuhusu wachongezi. Kinanda anawahesabu kama ushahidi kwamba watu waliukubali utawala. Mimi sioni hivyo. Wengi katika faili zile hawakuwa wakimpenda Hitler kuliko wengine. Walikuwa na deni, au wivu, au walitaka chumba cha jirani, au wamechoka na mume. Ugomvi wa namna hiyo upo kila mahali duniani, siku zote, na kwa kawaida unaishia kwa matusi uani. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na ofisi ya kuupokea. Sheria ya Desemba 1934 ilifanya hata maneno ya kejeli dhidi ya viongozi kuwa kosa, kwa hiyo mwenye kinyongo chake alikuwa na kosa la kumbandika mwenzake muda wowote.

Matokeo yake hayahitaji polisi wengi. Unaanza kuogopa mtu unayekunywa naye kahawa. Humwambii unachofikiri, naye hakwambii, na kila mmoja wenu anaamini yeye ndiye pekee asiyeamini.

Wakili Msomi

Mnagombania kirungu na kadi, mmesahau mlango. Hakuna aliyeuvunja. Ulifunguliwa kutoka ndani.

Oktoba 28, 1922, wakati mashati meusi wakielekea Roma kwenye mvua, waziri mkuu Facta alikuwa na amri ya hali ya hatari mezani. Mfalme Vittorio Emanuele III akakataa kutia saini. Mussolini mwenyewe hakuwa kwenye msafara, alikuwa Milano akisubiri simu, kisha akaja Roma kwa treni ya usiku yenye vitanda. Wabunge wake walikuwa 35 tu. Bunge likampa imani kwa kura 306 dhidi ya 116. Mwaka uliofuata likapitisha sheria kwamba orodha itakayoongoza ikipata angalau robo ya kura inachukua theluthi mbili ya viti. Wabunge walijichimbia kaburi kwa utaratibu, wakiwa wamevaa tai.

Ujerumani ni wimbo uleule. Hitler hakufuta katiba. Amri ya Februari 28, 1933, siku moja baada ya Bunge kuungua, ilitumia ibara ya 48 ya katiba hiyohiyo, ile ya hali ya hatari. Machi 23 Bunge likampa mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge, kura 444 dhidi ya 94. Waliopinga ni wasoshalisti peke yao, maana wabunge wa kikomunisti walikwisha kufungwa au kujificha.

Sasa njooni kwenye kitu ninachokipenda, kama mtu anaweza kupenda kabati la faili. Italia ilikuwa na rejista kuu ya watu wa siasa iliyoanzishwa mwaka 1894, na serikali ya kiliberali, kwa ajili ya kuwafuatilia wanaharakati wa mrengo wa kushoto. Ufashisti uliikuta ikiwa tayari. Ulichofanya ni kuongeza rafu. Kifungo cha visiwani nacho kilikuwepo kabla yao. Mwaka 1926 wakakipanua: hakuna mahakama, hakuna wakili, kamati ya mkoa inakaa na kukuandikia hadi miaka 5 Lipari, Ustica au Ponza, na ikiisha inaweza kurudiwa.

Aliyekuwa wa hatari zaidi alipelekwa Mahakama Maalum, ya kesi za siasa. Antonio Gramsci, kiongozi wa wakomunisti, alikuwa mbunge mwenye kinga. Akakamatwa Novemba 8, 1926, na kesho yake wabunge wa upinzani wakavuliwa viti. Hukumu yake: miaka 20, miezi 4 na siku 5. Tazameni hizo siku 5. Dola inamzika mtu akiwa hai, halafu inajifanya inapima haki yake kwa mizani ya sonara.

Chekeni

Kwa hiyo wakili mwenyewe amekiri kwamba wenye makosa ni wanasheria. Naomba uzi ufungwe, tumepata muafaka.

Kinanda (mleta mada)

Chekeni, wewe hapana!

Msumari, miti mirefu nakubali, nilikosea kuanza na 1931. Lakini bado kirungu hakielezi miaka 20. Angalia hesabu: Mahakama Maalum, kuanzia 1927 hadi 1943, ilitoa hukumu 42 za kifo, zikatekelezwa 31. Linganisha na mahakama ya watu ya Wanazi, iliyoua maelfu. Mkuu wa polisi wa Mussolini, Arturo Bocchini, alipenda kumtisha mtu, kumhamisha, kumsamehe, kisha kumfanya mtoa habari. Huo ni utawala unaotegemea watu kuzoea.

Na kura ya 1929? Orodha moja ya majina 400, ndiyo au hapana. Zaidi ya milioni 8 walisema ndiyo. Wenye kusema hapana ni kama 135,000.

Msumari

Kura ya 1929 usiilete hapa tafadhali. Karatasi ya ndiyo ilikuwa na rangi za bendera, ya hapana nyeupe tupu. Nani alikuwa hajui jirani kapiga nini?

Na hesabu yako ya 31 ndiyo inayonikera, kwa sababu umehesabu raia wa Italia na waliohukumiwa kwa muhuri. Libya hukuihesabu. Mwaka 1930 watu kama laki moja wa Cyrenaica, mashariki mwa Libya, waliswagwa pamoja na mifugo yao hadi kwenye kambi za jangwani, ili wapiganaji wa Omar al-Mukhtar, kiongozi wa upinzani, wakose chakula na habari. Makumi ya maelfu hawakutoka hai. Mzee mwenyewe alinyongwa Septemba 16, 1931, zaidi ya miaka 70 mgongoni, mbele ya watu wake walioletwa kutazama kwa lazima.

Ethiopia hukuihesabu. Februari 19, 1937, baada ya Graziani, mtawala wa Kiitalia huko, kutupiwa mabomu ya mkono Addis Ababa, mashati meusi na raia wa Kiitalia waliachiwa mji kwa siku tatu wachome nyumba na kuua. Mwezi Mei wakaua watawa wa monasteri ya Debre Libanos. Gesi ya sumu ilikuwa imeshatumika vitani kabla ya hapo. Ufashisti "mpole" wa Roma na ufashisti wa Addis Ababa ulikuwa na waziri mkuu mmoja.

Kinanda (mleta mada)

Hilo sina jibu. Nimekuwa nikisoma habari hizi kana kwamba Italia iliishia Sicilia.

Subira

Naomba kuuliza. Kuna waliosema hapana wakiwa chini ya utawala huohuo, wakapata walichotaka?

Wakili Msomi

Dada Subira, wapo, ila kila mfano una doa. Agosti 1941 Askofu von Galen wa Münster alihubiri dhidi ya mauaji ya walemavu. Mwezi huohuo Hitler akaamuru vyumba vya gesi vya mpango ule visimame. Askofu hakuguswa, kwa sababu wakubwa waliogopa kuikasirisha mikoa ya Kikatoliki wakati wa vita. Lakini zaidi ya watu 70,000 walikuwa wamekwisha kuuawa, na mauaji yakaendelea kimyakimya hospitalini kwa njaa na sindano.

Mapema 1943 wanawake wa Kijerumani walikusanyika mtaa wa Rosenstrasse, Berlin, wakidai waume zao Wayahudi. Wengi wa wanaume hao waliachiwa. Wanahistoria hadi leo wanabishana kama ni kelele zao zilizowatoa au polisi hawakuwa na mpango wa kuwasafirisha.

Na siku zilezile, Februari 18, 1943, Hans na Sophie Scholl walionekana wakisambaza vipeperushi chuoni Munich. Aliyewakamata ni mlinzi wa jengo, wala si ofisa wa siri. Siku nne baadaye walikatwa vichwa.

Tausi

Msisahau Machi 1943. Wafanyakazi wa Fiat Mirafiori kule Torino waligoma, mgomo ukasambaa hadi Milano, baada ya miaka karibu 20 ya kunyamaza. Walidai mkate na posho. Naona hapo Kinanda na Msumari wote mnapata chenu: tonge lilipokatika, hofu peke yake haikutosha kuwashika.

Msumari

Haikutosha kwa sababu mabomu yalikuwa yanawaangukia na jeshi limeshindwa Afrika. Julai 25 Baraza Kuu la mafashisti wenyewe likamwangusha Mussolini kwa kura 19 dhidi ya 7, na mfalme yuleyule aliyemfungulia mlango akaamuru akamatwe.

Halafu tazameni kilichotokea mitaani usiku ule. Beji ya chama watu walikuwa wakiiita "cimice", kunguni. Ilienea nchi nzima, kwenye kila koti. Asubuhi ilikuwa imejaa kwenye mifereji ya barabara. Kinanda, mtu anayependa kitu hakitupi mferejini usiku mmoja.

Kinanda (mleta mada)

Wala mtu anayekichukia hakai nacho kifuani miaka kumi, akikipiga brashi kila Jumapili.

Msumari

Kunguni humpigi brashi, mkuu. Unalala naye kwa sababu huna kitanda kingine.

Kinanda (mleta mada)

Basi nitafutie wale 12 waliolala chini.