Mrejesho: Kupiga mbizi Mafia bila mwenzi wa safari

Niliuliza kama msafiri wa peke yake anaweza kwenda kupiga mbizi kwa mitungi kisiwani Mafia bila mwenzi wa majini, mkanishauri nikiandikie kituo cha kupiga mbizi mapema, nikieleze kiwango cha cheti changu na tarehe ya mbizi yangu ya mwisho. Nawashukuru sana, kwani kwa maelezo hayo nilipangiwa mama mmoja mwenye uzoefu kama wangu.

Kabla ya kuingia majini tulikaguana vifaa: alipumua mara kadhaa kwenye regyuleta yake (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) huku nikitazama geji, yaani kipimo cha hewa iliyomo mtungini, kwa sababu mshale ukicheza kila anapovuta pumzi, huenda valvu ya mtungi haijafunguliwa vizuri. Tulikubaliana pia kwamba ambaye geji yake itashuka hadi baa 100 (kipimo cha shinikizo la hewa) amwashirie mwenzake mara moja.

Nawasihi mnaopanga tarehe mtazame mwezi. Kwenye mlango wa Kinasi, njia ya maji ya kuingilia Ghuba ya Chole, mkondo huwa mkali wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu), hivyo maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, yanamfaa zaidi anayepiga mbizi na mtu asiyemzoea. Siku ya mwisho sikupiga mbizi, kwa kuwa baada ya mbizi za mfululizo inashauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.